Mtoto Aliyezimwa Darasani

Mlango wa ofisi ya malezi ulifunguka kabla Kidoti hajatamka jina.

Wiki nzima, ndugu msomaji, tumemwacha mtoto wa watu mdomo wazi, na hilo si jambo la kumfanyia mtoto. Basi turudi upesi tumtoe pale.

Aliyekuwa nasi wiki iliyopita anakumbuka, na mgeni asihangaike, nitamweleza. Kidoti ni binti wa miaka kumi na mitatu, ana doa dogo jeusi juu ya mdomo, na doa hilo ndilo lililompa jina. Muhula uliopita alimzika mama yake. Sasa anaishi kwa mama yake mkubwa, dada wa marehemu, ambaye ni dobi. Darasani kwao Kidoti amezimwa. Ndivyo wanavyoita wenyewe. Hasalimiwi, haitwi, hajibiwi. Akiuliza kitu, anayeulizwa hutazama ukuta. Anayemsemesha, naye anazimwa.

Mwalimu wa malezi alikuwa amemwita ofisini akamwambia, "Nitajie mmoja tu. Nani anayeongoza?" Wanafunzi humwita Mwalimu Pole, kwa kuwa hakuna anayempita bila kuambiwa pole, hata aliyebeba kitabu kimoja.

Kidoti akafungua mdomo. Ndipo mlango ulipofunguka.

"Hodi, mwalimu. Nisamehe kwa kuchelewa, pasi zilikuwa motoni."

Alikuwa Mama Mkubwa, mikono imesinyaa kwa maji ya sabuni. Nyuma yake aliingia binti yake wa kumzaa, kiranja wa darasa, beji kifuani, shingo juu. Huyo anaitwa Tausi kwa ajili ya ule mwendo wake.

Na jina lililokuwa kwenye ulimi wa Kidoti lilikuwa hilohilo. Tausi.

"Karibu, Mama Tausi. Pole na kazi. Hicho kiti mguu wake mbovu, kaa hiki changu," alisema mwalimu, akasimama yeye. "Tulikuwa tunazungumza na Kidoti. Kuna watu wanamsumbua. Alikuwa anataka kunitajia."

"Wanamsumbua?" Mama Mkubwa akageuka. "Nani, mwanangu? Mbona nyumbani husemi?"

Kidoti alimtazama. Mama Mkubwa ana sauti ya marehemu. Sura haifanani, lakini ukifumba macho ni yeye. Kidoti akamtazama na Tausi, aliyekuwa anasoma matangazo ukutani kama mtu aliyeletwa kusoma matangazo. Ukimtaja binti wa mwenye nyumba, usiku utalala wapi? Na sauti ile utaisikia wapi tena?

"Hakuna," alisema Kidoti.

"Si ulikuwa unataka kusema?" aliuliza mwalimu.

"Hapana."

Mwalimu Pole akashusha pumzi. "Ndiyo hali yake, mama. Nilidhani ataongea na dada yake. Hapa shuleni, mtoto mwenye shida tunamkabidhi kwa mwenzake amlee, amwangalie, aniletee habari zake. Kwa Kidoti nikasema, nani atamlea kuliko dada yake wa nyumba moja? Tausi, mwenzako anaendeleaje?"

"Vizuri tu, mwalimu. Mkimya, lakini ndivyo alivyo."

Usimcheke mwalimu, msomaji. Alikosea akiwa anatenda wema, na kosa la namna hiyo halionekani upesi, maana limevaa nguo safi.

"Mimi naona ahame," alisema mwalimu. "Nimempatia nafasi shule ya bweni. Wanaweza kumpokea Jumatatu. Huko hawamjui, ataanza upya."

"Bweni?" Mama Mkubwa akashika kifua. "Huyu nilimtoa kaburini kwa mama yake nimemshika mkono. Leo nimpeleke kwa watu nisiowajua?"

"Tumuulize mwenyewe. Kidoti, unaonaje, uende bweni?"

"Sawa."

Mkimwambia Kidoti ale, sawa. Mkimwambia asile, sawa. Mngemwambia alale barabarani angeuliza upande gani, basi. Lakini wakubwa wawili walisikia neno moja wakadhani ni kauli. Mama Mkubwa alimnyooshea kola, akampapasa kisogo, hakupinga tena. Ikawa imekubaliwa. Jumatatu mtoto anaondoka.

Tausi alikuwa wa kwanza kutoka.

*

Jumamosi hiyo chumba cha dobi kilijaa shuka za nyumba ya wageni. Mvuke ulikuwa umepanda mpaka darini, na dirisha lilikuwa linatoa jasho.

Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Tausi alishika pembe mbili, Kidoti mbili. Wakavuta, wakakung'uta, wakaendeana, vidole vikagusana, Tausi akapokea, Kidoti akainama kuchukua mkunjo wa chini. Hakuna aliyesema "vuta" wala "lete". Shuka ya kwanza, ya pili, mpaka rundo likafika kiunoni.

Dereva wa nyumba ya wageni, aliyekuja kuchukua mzigo, alisimama mlangoni anawatazama.

"Mama, mabinti zako wanakunja kama wanajeshi. Wangu mimi ukiwapa shuka moja, wanakurudishia mbili."

"Hawa?" Mama Mkubwa alicheka. "Hawa hawajui ugomvi. Toka huyu mdogo aingie nyumbani sijasikia neno baya hata moja."

"Una bahati."

"Mungu kanipa."

Dereva akapakia mzigo wake akaondoka. Kidoti akarudi kwenye meza ya pasi kumalizia foronya. Mama Mkubwa aliwapa kisogo, alikuwa anakoroga wanga kwenye beseni. Tausi alikaa kwenye kiti cha wateja, macho yake yakiwa mezani.

Pasi ilikwenda, ikarudi. Mkono wa kushoto ulitangulia kunyoosha kitambaa, kama unavyofanya siku zote. Halafu mkono ukasimama. Pasi haikusimama.

"Mama," alisema Tausi. "Mwambie Kidoti atoe mkono."

"Autoe wapi?"

"Kwenye pasi."

Mama Mkubwa aligeuka na mwiko mkononi. Ukingo wa pasi ulikuwa juu ya mgongo wa mkono wa Kidoti, umetulia, na Kidoti alikuwa anauangalia.

Sijui mwiko uliangukia wapi. Mama Mkubwa aliinyanyua pasi, akamburuta mtoto mpaka kwenye bomba, akafungua maji mpaka mwisho.

"Hukusikia moto?"

"Niliiona."

"Sikuulizi kuona. Haikuumi?"

Kidoti alifikiri. Alitaka kumpa Mama Mkubwa jibu la kweli, kwa sababu amemshika mkono vizuri, chini ya kiwiko, pasipoungua.

"Sijui," alisema. "Nilijua imenigusa. Sikukumbuka kutoa."

Mama Mkubwa alibaki ameshika mkono ule chini ya maji. Ndipo jambo jingine lilipomfikia, taratibu, kama barua ya mtu wa mbali.

"Tausi."

"Naam, mama."

"Wewe uliiona pasi iko mkononi mwake."

"Ndiyo. Ndiyo maana nikakwambia."

"Mimi uliniambia. Yeye je?"

Maji yalikuwa yanamwagika. Tausi akaangalia kucha zake.

Mama Mkubwa akaanza kukumbuka. *Mama, mwambie Kidoti alete sabuni. Mama, mwambie Kidoti chai yake inapoa. Mama, mwambie azime taa, nataka kulala.* Na yeye, mtu mzima, amekuwa akibeba maneno kutoka huku kwenda kule, ndani ya chumba kimoja, kutoka kitanda hiki kwenda kitanda kile, na moyoni anamshukuru Mungu kwa watoto wasiogombana.

"Mwite," alisema.

"Nani?"

"Mdogo wako. Mwite jina lake. Hapa, nikisikia."

"Mama, bwana."

"Hapa hakuna bwana. Mwite."

Tausi akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Umekatwa ulimi?"

"Amezimwa, mama."

Ilibidi aeleze, na alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Kwamba darasa zima halimsemeshi. Kwamba kiranja ndiye anayesimamia, na kiranja ni yeye. Kwamba aliyewahi kumwazima Kidoti rula alizimwa naye mpaka akaja kuomba radhi uani, mbele ya wote, akilia. Kwamba huwezi kuzima shuleni halafu ukawasha nyumbani. Ukijizoesha nyumbani, shuleni utajisahau.

"Na habari ulizokuwa unampelekea mwalimu?"

"Nilisema anaendelea vizuri."

"Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Walijua hata mchawi ataona haya. Wewe haya hukuiona?"

Sasa Tausi akalia. "Kila siku ulikuwa unalia naye. Mnakaa jikoni mnalia wawili. Mimi nikilia unaniuliza, kuna nini tena. Halafu si mimi niliyeanza. Mwalimu Pole ndiye aliyesema asisemeshwe."

Mkono wa Mama Mkubwa ulipanda. Haukushuka mahali, ulibaki hewani, maana kutoka kwenye bomba sauti ilisema, "Ni kweli."

Wote wawili wakamgeukia Kidoti. Hakuwa ameulizwa. Hakumbukwi kusema neno bila kuulizwa tangu aingie nyumba ile.

"Siku niliporudi kutoka msibani," alisema, "nilisimama nje ya mlango wa darasa kwanza. Mwalimu alikuwa anawaambia ndani. Nilimsikia."

*

Jumatatu, siku ambayo ilikuwa iwe ya safari, Mama Mkubwa alifika shuleni na mabinti wote wawili. Sanduku hakulibeba. Mkono wa Kidoti ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, maana dobi ni dobi hata kwenye majonzi.

Mwalimu Pole alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza mtu. Kisha akamwambia Tausi, "Nikumbushe nilivyosema. Usipunguze kitu."

"Ulisema, mwenzenu amefiwa, mwacheni apumzike. Msimsemeshe, msimsumbue. Atakayemsumbua nitamwona. Ukaniambia mimi nisimamie."

"Nilitaka msimuulize maswali ya msiba."

"Hukusema hivyo, mwalimu. Na hukusema mpaka lini."

Mwalimu alivua saa yake akaiweka mezani, akaivaa tena. Yeye ndiye aliyewasha jiko, na moto ulipounguza nyumba akawa anauliza moshi unatoka wapi.

"Ulipoona mwenzako anaumia," alimwuliza Tausi kwa upole, "kwa nini hukuja kuniuliza mpaka lini?"

Tausi alimjibu. "Darasani walikuwa wananisikiliza."

Hilo lilikuwa jibu la kweli, na mwalimu alilipokea hivyo. Hakumpigia kelele.

"Basi bweni haendi," alisema Mama Mkubwa. "Anayekanyagwa ndiye ahame? Tangu lini?"

"Haendi. Nilitaka kumwondoa asionekane, na hilo nikaliita msaada. Mama Tausi, nisamehe. Kidoti, nisamehe na wewe, na kama huwezi, si lazima."

"Sawa," alisema Kidoti.

Lakini safari hii mwalimu hakulichukua neno lile kama jibu. Aliinama mpaka macho yao yakalingana. "Sawa yako siijui maana yake bado. Nitakuwa nakuuliza. Sitachoka."



Wakaenda darasani. Mama Mkubwa alisimama mlangoni, mwalimu akasimama mbele, akawaeleza watoto kosa lake kwa maneno mepesi, bila kujipamba. Wengine waliinama. Mmoja alianza kucheka, akakuta hana mwenzake, akaacha.

"Sitawaambia mumwombe radhi kwa pamoja kama wimbo," alisema. "Wala sitamlazimisha Kidoti amshike mtu mkono. Hana deni la kusamehe. Nasema hivi tu, hapa hazimwi mtu. Ukiona mwenzako anazimwa, njoo uniambie, hata ukinikuta nakula. Kusema si uchongezi. Uchongezi ni kumtafutia mtu adhabu. Hapa unamtafutia mtu nafuu."

Beji ikatoka kifuani kwa Tausi. Alipewa muda wa kwenda kunawa uso.

"Sasa nataka kiranja mwingine. Kidoti, humu ndani yuko aliyewahi kukufanyia wema?"

Kidoti alitazama viti. Yuko mmoja, msichana mwembamba, mpole, ambaye wenzake humwita Miwani. Siku moja mvua ilipiga kupitia dirishani. Miwani alinyanyuka, akavitoa vitabu vya Kidoti kwenye maji, akavifuta kwa sketi yake, akavirudisha mahali pakavu. Hakusema neno wala hakumtazama usoni. Lakini alivifuta kimoja kimoja.

"Miwani," alisema Kidoti. Darasa zima likasikia sauti yake.

Mwalimu akambandika Miwani beji. Kidoti akamsindikiza Mama Mkubwa mpaka getini, naye akarudi kwenye shuka zake akiwa amepungukiwa mzigo. Mwalimu akaitwa ofisini mara moja. Na hapo, msomaji, mimi na wewe tungeweza kwenda kunywa chai.

Kidoti alipokwisha kurudi kitini, Tausi naye akarudi, amenawa uso, kola imelowa. Akaenda kwenye benchi lake.

"Sogea," alimwambia rafiki yake wa siku zote, yule aliyekuwa akimbebea begi.

Rafiki hakusogea. Alikuwa anachora mstari kwenye daftari, mstari ulionyooka, bila haraka.

"Wewe, sogea nikae."

Mstari ukaendelea. Tausi akacheka kidogo, kicheko cha kuomba. Akamgeukia wa nyuma. "Nani kachukua kiti changu?" Wa nyuma aliangalia ukuta. "Jamani." Akamshika mtu bega, na bega likajitoa taratibu, kama linavyojitoa kwenye mwiba.

Kidoti aliujua ukimya ule. Haukuwa ukimya wa darasa tupu wala wa darasa linalosoma. Una uzito wake, unakaa masikioni kama maji ya kuogelea.

Alijitafuta moyoni aone kama kuna furaha. Siku nyingi alidhani ikitokea hivi atafurahi. Hakuipata. Akatafuta huruma, nayo hakuipata. Mle moyoni mlikuwa mmefagiliwa. Alichokiona ni kwamba upande wake wa benchi una nafasi, na mtu mmoja amesimama.

Akasogeza begi lake.

"Kaa hapa," alimwambia Tausi.

Kalamu zote zilisimama.

Miwani akanyanyuka. Akasukuma miwani yake juu ya pua, akaja mpaka mbele ya Kidoti, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule uliofuta vitabu.

"Kidoti, wewe hukuwepo tulipokubaliana. Alipokwenda kunawa, mwalimu alipotoka. Huyo kazimwa. Ni kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Ndiyo. Aonje. Kwa hiyo usimsemeshe. Anayemsemesha naye anazimwa, unajua utaratibu." Akagusa beji yake, akainyoosha. "Hata kama ni wewe. Siwezi kukupendelea."

Darasa likangoja. Kila mmoja alijua neno linalokuja, ile "sawa" yake. Hata Tausi, aliyesimama katikati ya viti hana pa kuweka mikono, alilingoja.

Kidoti akasimama. Akapita kati ya viti, hakukimbia. Alipofika mlangoni, Miwani alikuwa ameshafika, mgongo wake kwenye mbao.

"Unakwenda wapi?"

"Kusema."

"Mimi ndiye niliyekuhurumia," alisema Miwani, polepole, asisikike na wengine. "Humu ndani hukuwa na mtu mwingine. Ukitoka, huna hata mimi."

Kidoti alimtazama yule msichana, pekee aliyewahi kumtendea wema darasani humo.

"Najua," alisema. "Nipishe."

Miwani hakusogea.